Mkate Unaompita Mwinjilisti

Mtu akiniuliza Mwinjilisti wetu wa Kingi alivaa nini, naweza kumjibu mpaka kwenye vifungo. Koti la kahawia kutoka kwenye balo la mitumba, koti la kike, vifungo upande wa kushoto, na kile cha chini kabisa hakikuwapo. Suruali amechomeka ndani ya mabuti ya mpira. Shati lilikuwa safi sikuzote, lakini kola ilikwisha siku nyingi. Mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani moyoni, hapo naanza kutafuta pa kuweka macho, maana jibu nalijua kuliko mtu yeyote wa kanisa lile, na nililikalia.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu Masisi, mashariki mwa Kongo, swali hilo likishajibiwa, watu huwa hawasikilizi tena yanayofuata.

Mabuti yale yalitusumbua sana. Matope ya vilima vyetu kila mtu anayajua, na kila mtu anavaa mabuti kwenda shambani. Lakini Jumapili tulikuwa na desturi yetu. Unatoka nyumbani na mabuti, viatu umevibeba kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika kwenye kijito chini ya kanisa, unanawa miguu, unavaa viatu, unaficha mabuti kwenye majani, kisha unapanda hatua chache zilizobaki ukitembea kwa vidole. Tuliingia kanisani tumependeza kama watu walioteremka kwenye gari. Mwinjilisti alifika kwenye kijito, akayasuuza mabuti yake vizuri, akapanda nayo mpaka mimbarani.

Siku moja walikuwa wanakuja wageni wakubwa kutoka Goma, nikaona nimshauri.

"Papa Mwinjilisti, leo ungevaa hata viatu. Nitakuazima vyangu."

"Wageni banakuya kuangalia miguu yangu?"

"Hapana, Papa, lakini ni heshima."

"Heshima iko. Niliyasafisha." Akainua mguu mmoja nione chini, kama mtu anayekaguliwa na askari. "Angalia. Weye unaweza kunionyesha chini ya viatu vyako?"

Sikumwonyesha. Mimi nilikuwa katibu wa kanisa, niliandika mikutano ya baraza kwa mwandiko ambao watu walisifu, na Jumapili nilisoma matangazo. Tena tuseme ukweli, nilikuwa mtu wa viatu. Nilikuwa na kostimi mbili, yaani suti, ya bluu na ya kijivu, na kravati ya shingoni ambayo mke wangu aliipiga pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye maji. Nikisimama kusoma matangazo nilijua watu wananitazama, na nilikuwa nasoma polepole ili wamalize kunitazama.

Kazi ya Mwinjilisti, zaidi ya kuhubiri, ilikuwa kuwachunguza watu kabla ya kubatizwa au kupewa huduma. Wainjilisti wengine humwita mtu ofisini, wanamuuliza maswali ya imani, anajibu, wanatia alama. Yeye hakuuliza imani. Alikuja nyumbani kwako bila kutoa taarifa, asubuhi unapotoka shambani, akapita sebule kama haipo, akaenda moja kwa moja jikoni na kukaa juu ya kigoda. Alikaa hapo saa nzima akimenya maharagwe pamoja na watoto. Kisha alikwenda kwa jirani. Kisha, na hili ndilo lililowaudhi wanaume, alimuuliza mke.

Nilipopendekezwa kwa ushemasi mara ya kwanza, nilijitayarisha wiki mbili. Nilikariri. Nilinunua sukari ya chai. Alipofika, chai ikapoa sebuleni pale pale, na yeye yuko jikoni anamuuliza mke wangu, "Mama, bwana yako akisikia njaa, anasemaka namna gani?"

Mke wangu alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Papa, chumvi ikikosa ndani ya majani ya sombe, ata jirani wa ng'ambo anajua."

Mwinjilisti alitoka, akanikuta nimesimama mlangoni na kravati yangu. "Bado," akaniambia.

"Bado nini, Papa?"

"Bado chumvi." Akaenda zake.

Nilimchukia mwaka mzima. Sina njia nzuri zaidi ya kulisema. Lakini mwaka huo huo, kwa hasira tu, ili asipate tena neno la kusema, nilianza kufunga mdomo mezani, na mdomo ukazoea. Alirudi mara tatu jikoni kwangu. Mara ya tatu alinikuta nimemshika mtoto mgonjwa na ninakoroga uji mwenyewe, wala sikuwa nimejua kwamba anakuja. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya wazee akasema kwamba yuko tayari kunisimamia. Ndiye aliyeniingiza kwenye orodha ya mashemasi. Naliandika hili hapa mapema ili nisije nikalipunguza huko mbele.

Kuna habari ya kwaya ambayo watu wa Kingi bado wanaicheka. Akina mama wa kwaya walichanga wakanunua kitenge kimoja, cha kijani chenye ndege, na mama mmoja hakuweza. Wakamwambia apumzike kwanza mpaka atakapopata kitambaa, maana ataharibu mstari. Mwinjilisti hakugombana na mtu. Siku ya ibada, muda wa kwaya ulipofika, aliwaomba wote watoke nje waimbie nyuma ya ukuta, yule asiye na kitenge pia. Tukakaa ndani tunatazama dirisha tupu, na nyimbo zinaingia. Alipowaita warudi alisema, "Leo nilisikia sauti. Nguo sikusikia." Akina mama walikasirika mwezi mzima. Mimi nilicheka kwa sababu siku hiyo hapakuwa na neno juu ya kostimi.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mgumu. Aliwahi kumfukuza msichana kwenye mafundisho ya ubatizo kwa sababu alicheka, na baadaye tukajua alicheka kwa woga tu. Aligombana na jirani yake kwa ajili ya ua wa miti hata walipokutana njiani kila mmoja alipita upande wake wa barabara. Mhubiri mwingine akihubiri, yeye alisinzia waziwazi, kidevu kifuani. Maombi yake yalikuwa mafupi mno, wagonjwa walilalamika. Mtu ametembea kilomita nyingi na maumivu yake, anaombewa maneno manane. "Mungu hana masikio mabaya," alisema, na akageukia jambo lingine.

Jambo lililonishangaza zaidi ni benchi la nyuma. Katika kanisa letu mtu akifanya kosa kubwa hutengwa. Hashiriki Meza ya Bwana, na anakaa benchi la mwisho karibu na mlango mpaka siku atakaposimama mbele ya wote, akalitaja kosa lake kwa mdomo wake, na kanisa likamfungulia. Ungedhani mtu anayedharau viatu na vitenge angelidharau benchi pia, maana ni jambo la kuonekana mbele ya watu. Kinyume chake, alilishika kuliko Mchungaji. Alimweka pale mjane mmoja ambaye alikuwa amempeleka mtoto wake kwa mganga. Mama yule alikaa miezi minane. Mwinjilisti alimpelekea maharagwe kila wiki, akamlimia shamba, akaketi jikoni kwake, lakini kumfungulia kabla hajasimama mbele ya kanisa, hapana. Nilimuuliza kwa nini.

"Juu aliapa mbele ya kanisa," alisema. "Na siye tuliapa tutamungoya. Tukimudanganya kwamba haikuwa kitu, tutakuwa tunamuambia kiapo yake pia haikuwa kitu."

Sasa nifike kwenye ng'ombe.

Ng'ombe mmoja wa familia ya wafugaji aliingia kwenye maharagwe ya mkulima, akala mistari miwili. Kijana wa mkulima akamkata mguu kwa panga. Kwetu jambo la namna hiyo linaweza kuanza na ng'ombe mmoja likamalizikia kwenye vijiji viwili, na kila mtu pale alikumbuka vijiji gani. Mwinjilisti alikwenda kwa baba hao wawili. Walisali kanisa lingine, ambako pombe si kosa. Aliwaleta pamoja mara mbili, akaomba maombi yake mafupi, wakaitikia amina na wakaondoka bila kupeana mkono. Wazee wa pande zote wakamwambia wazi kwamba hapawezi kuwa na mapatano bila kasiksi. Hiyo ni pombe yetu ya ndizi. Wanaopatana hunywa kutoka kibuyu kimoja, kisha wanaapa kwamba jambo hilo halitatajwa tena mbele ya watu. Anayelitaja amelifufua.

Lakini hakuna upande uliokubali kuleta kasiksi, kwa sababu anayeleta ni kama amekiri kosa. Basi akaileta yeye.

Nilimkuta njiani mchana kweupe, barabara kubwa, bidoni la njano la lita ishirini liko chini miguuni pake, anapumzika. Kanisa letu linamkataza mshiriki hata kuligusa.

"Papa Mwinjilisti! Pita basi kwa njia ya kichaka."

"Nikipita kichaka njo watajua naficha. Nitwishe."

Nikamtwisha kichwani. Aliniambia nimfuate na daftari, kwa kuwa yeye mwandiko wake haukusomeka na mapatano yalihitaji kuandikwa. Nikafuata kwa mbali kidogo, nikiangalia nyuma kila mara.

Wanaume walikaa kwenye majani kando ya zizi. Mwinjilisti alikaa juu ya jiwe akasema, "Miye nakunywa maziwa. Kanisa yangu ilinikataza hii nyingine, na niliitika." Wakampa maziwa kwenye kikombe cha bati, akashika kikombe hicho tangu mwanzo mpaka mwisho. Baba wa ng'ombe akanywa kutoka kibuyu, baba wa maharagwe akanywa, na nikaona uso wa yule mkulima umelegea, akamshika mwenzake begani. Nilikuwa naandika na machozi yananilenga. Halafu kibuyu kikaja kwangu. Mzee mmoja alininyooshea, wote wananitazama. Nilimtazama Mwinjilisti, yeye anatazama maziwa yake.

Nilikunywa. Ya kwanza ilikuwa kwa heshima. Ya pili haikuwa kwa heshima.

Tukarudi pamoja. Njiani hakuniambia neno juu ya hilo, aliongea habari za mbegu. Mpaka leo wale baba wawili ni marafiki, na watoto wao wanapelekeana maziwa na maharagwe.

Habari ya bidoni ilifika kwa Mchungaji kabla ya Jumapili. Ilikuwa wiki tatu kabla ya kuwekewa mikono sisi mashemasi wapya. Kostimi yangu ya tatu, nyeusi, ilikuwa kwa fundi imekwisha kukatwa. Baraza likaitwa baada ya ibada, wazee saba, Mchungaji, na mimi kwenye meza ndogo na kalamu.

"Mwinjilisti," Mchungaji alisema, "watu walikuona umebeba kasiksi."

"Ni kweli. Nilibeba."

"Ulikuwa unapeleka wapi?"

"Kwa batu. Siwezi kuwataja, na siwezi kutaja jambo yao."

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka puani.

"Na ulikunywa?"

"Hapana."

"Nani anajua kwamba hukunywa?"

"Mungu anajua. Na mutu mumoja."

"Mutu gani? Umutaje."

"Akitaka, ataongea."

Hakunitazama. Alitazama mabuti yake. Ningependa angenitazama, ningepata hata sababu ya kumkasirikia. Sikutakiwa kutaja ng'ombe wala kuvunja kiapo cha mtu. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: nilikuwako, alikunywa maziwa. Lakini swali la pili lingekuwa, na wewe Katibu, ulikunywa nini? Nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua. Kalamu yangu ikaendelea kutembea ingawa hapakuwa na neno la kuandika, nikapiga mstari chini ya tarehe. Nikapiga wa pili.

Mchungaji akanigeukia. "Katibu, wewe unaishi kwenye barabara ile. Uliona kitu?"

"Nilimwona barabarani," nilisema. "Alikuwa na bidoni."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimeipima sentensi ile miaka yote hii na sijapata neno la uongo ndani yake. Hapo ndipo aibu inaponiuma, kwamba sikuhitaji hata kuongopa.

Wakamtenga kwa kosa la pombe, aondolewe kazi, akae benchi la nyuma mpaka atakaposimama na kuungama kwamba alikunywa. Niliandika uamuzi huo kwa mwandiko wangu mzuri. Mwinjilisti alisimama, akawapa wazee mkono mmoja mmoja, akanipa na mimi.

Wiki tatu baadaye niliwekewa mikono nimevaa kostimi nyeusi. Aliimba kule nyuma kwa sauti kubwa kuliko wote. Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya Meza ya Bwana, Mchungaji aliuliza kama kuna mtu wa benchi la nyuma anayetaka kuungama, na kila mara yeye alikaa kimya, mikono juu ya magoti. Watu wakaanza kusema ana kiburi. Mama mmoja aliyemsifu miaka yote alisema, "Kumbe mabuti ilikuwa kiburi tu." Nilisikia, nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, niliitikia kwa kichwa.

Kisha risasi zilitushusha sote kutoka Kingi, tukawa wakimbizi kambini Lushebere. Kibanda chake kilikuwa kwenye njia ya kwenda kuchota maji. Mimi nilizunguka kambi nzima kwa juu, nikateleza na madumu yangu kwenye matope, ili nisipite mlangoni pake. Mke wangu aliniuliza sababu ya kuzunguka, nikamwambia njia ile ya chini ina mawe. Tulipoanza kurudi nyumbani, nilisikia yeye amekwenda upande wa Walikale na mkewe, na nikashusha pumzi. Nilidhani umbali utanisaidia.

Umenisaidia miaka sita. Mwaka huu Mchungaji mpya, kijana asiyejua habari za zamani, aliamua twende Ntoto, huko Walikale, kupeleka Meza ya Bwana, kwa sababu kanisa dogo la kule halina mchungaji. Tulitembea siku mbili. Nilikuwa na viatu vyangu kwenye mfuko. Kwenye mlango wa kanisa nikavivaa, nikanyoosha koti, nikaingia, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Mwinjilisti, kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Mabuti ni mengine.

Mzee wa kanisa wa pale alininong'oneza, "Ule papa njo anatusaidiaka kwa wagonjwa. Mimbara anakataa. Na mukate hajakamata hata siku moja, hatujui juu ya nini."

Hawakujua. Ntoto nzima hakuna aliyejua kwamba ametengwa. Angeweza kukaa mbele siku ile ile ya kwanza na kunyoosha mkono kama wengine, nani angemuuliza? Alikwenda mwenyewe kukaa nyuma, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpeleka, akakaa hapo miaka yote.

Mimi nilikuwa shemasi wa zamu. Nilishika sahani ya mkate nikapita safu kwa safu mpaka nyuma kabisa. Nilimnyooshea. Alifunika magoti kwa viganja vyake.

"Pita, Shemasi," alisema kwa upole.

Nikapita.

Baada ya ibada alinishika mkono akanipeleka kwake, jikoni. Mkewe alikuwa anasonga bugali. Aliniona akafurahi kweli, akafuta kigoda kwa kitenge chake.

"Karibu, Katibu. Mungu akubariki," alisema. "Siku ile bote balimusema mubaya. Ni weye tu hukuongeza neno."

Hapo nilielewa kwamba hakumwambia hata mkewe. Miaka yote hiyo, mto mmoja wa kulalia, na hakumwambia.

Nilikaa kwenye kigoda na kostimi yangu, na magoti yakanifika kidevuni. Nikasema kwa haraka, "Papa, hapa hakuna anayejua. Ungekamata tu mukate."

"Miye najua. Na ule mujane wa Kingi anajua. Nilimukalisha miezi munane. Akisikia nilijifungulia miye mwenyewe, atasema nini?"

"Basi ungesimama siku moja uungame, yaishe."

"Niungame nini? Niseme nilikunywa?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nimuongopee Mungu, juu nipate kukula mukate yake?"

Nilifungua mkoba wangu. Nilikuwa na karatasi, na muhuri wa kanisa nilikuwa nao pia. Nikamwambia nitamwandikia barua sasa hivi, nitaipeleka kwa Mchungaji aitie sahihi, na leo hii atakuwa huru. Niliandika upesi. Macho yake hayaoni karibu tena, akaniomba nisome.

"Baraza la Kanisa la Kingi limemsamehe ndugu huyu kosa lake la pombe, na limemrudisha kwenye Meza ya Bwana."

"Soma tena pale kwa kosa."

"Kosa lake la pombe."

"La nani?"

Mama alikuwa anasonga, hakutuangalia. Mwinjilisti hakuniharakisha, alikaa tu, kama alivyokaa zamani jikoni kwangu akimenya maharagwe. Nilichana karatasi ile. Nikachukua nyingine, na safari hii mwandiko wangu haukuwa mzuri. Nilipomaliza nikasoma bila kuambiwa.

"Mimi, katibu na shemasi wa Kingi, nilikuwako siku ile tangu mwanzo hadi mwisho. Mwinjilisti alikunywa maziwa. Aliyekunywa kasiksi ni mimi. Baraza liliniuliza, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka ushemasi."

Mwiko wa Mama ukasimama ndani ya sufuria. Sikuinua macho kumtazama. Ulisimama muda mrefu, kisha ukaanza tena kusonga, na nikasikia anavuta kamasi. Alipakua bugali, akaweka sahani mbele yangu, mbele yangu mimi kwanza, halafu akatoka nje.

Nilishika muhuri nipige kwenye barua. Mwinjilisti akanizuia mkono.

"Hii si ya baraza," alisema. "Hii ni yako."

"Nisamehe, Papa."

"Nilikusameheaka siku ile ile, kabla ya kutoka mule ndani. Juu ya hiyo usilie. Miye sikasirike na weye, mutoto yangu. Lakini benchi sikuiweka miye, ni kanisa njo iliniweka, na kanisa haiyui. Utaisoma hii?"

"Nitaisoma."

"Wapi?"

"Kingi. Mbele ya wote, pale ninaposoma matangazo."

"Siku gani?"

"Jumapili."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akanawa mikono, akamega tonge. Kabla ya kulitia mdomoni akaniuliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza siku ya soko:

"Jumapili gani?"

Nilikula bugali yao mpaka ikaisha.

Nimerudi Kingi. Jumapili ya kwanza nilisoma tangazo la ndoa na tangazo la kazi ya kutengeneza barabara. Ya pili kulikuwa na wageni, nikaona si heshima. Ya tatu mke wangu alikuwa mgonjwa. Ya nne nilisimama na barua mkononi, nimeifungua, watu wananitazama, nikasoma habari za mkutano wa vijana na nikakaa. Sasa zimepita saba. Barua naibadilisha kutoka koti hadi koti. Na katika hizo saba, mbili zilikuwa za Meza ya Bwana. Nilipitisha sahani kwa mikono yangu, na machoni pangu yule mzee wa Ntoto alifunika tena magoti yake kwa viganja.